Tisa za Nini

Saa saba usiku, Kutaisi. Mto Rioni unanguruma chini ya daraja,
na mimi Nestan bado nimekikodolea macho kisanduku kimoja:
Chagua sarafu.
Tarakimu ninayo. Tisa kwa mwezi.
Tisa za nini, hapo ndipo nilipokwama.

Nimetengeneza daftari la mizinga.
Mfugaji huandika kwa simu, glavu moja mkononi, nyingine kinywani:
mzinga wa nne hauna malkia,
wa saba utitiri umezidi,
na daftari humkumbusha lini arudi kuufungua.
Miaka miwili nimelishona usiku,
mchana nikihesabu vidonge katika duka la dawa.
Mali bila daftari hupotea bila habari; hilo nalijua.
Mali ya daftari lenyewe, nani ataiandika?

Dola, basi. Dunia nzima inaijua.
Lakini baba alikopa nyumba hii kwa dola
na mshahara wake ulikuwa wa lari.
Dola ikapanda. Mshahara ukabaki ulipokaa.
Kila asubuhi aliandika kiwango kwa penseli, pembeni ya mlango,
jinsi wengine wanavyopima urefu wa watoto:
moja na sabini na tano, mbili na kumi, mbili na arobaini.
Tukauza piano. Tukauza gari.
Nyumba tulibaki nayo.
Kicheko cha baba kilikwenda na gari.

Yuro? Noti zake zina madaraja mazuri
ya kubuniwa, hayavuki mto wowote.
Bogumił wa Rzeszów, mwenye mizinga sitini, ameniandikia:
"Niko tayari kulipa, ila kwa pesa zinazoeleweka."
Huyo naye ana zloti mfukoni!

Mama ana mfuko wa kuponi kabatini,
pesa za kabla ya lari.
Noti iliyonunua mkate asubuhi
jioni haikununua kiberiti.
Lari ilipokuja, milioni ikawa moja.
"Sufuri sita ziliyeyuka kama sukari," husema,
"na chai haikukolea."

Kuna kitufe kinachosema: mwonyeshe kila mtu sarafu yake.
Nikakibonyeza.
Tisa yangu ikawa na mikia, nukta na vipande,
leo hivi, kesho vile,
bei inayotetemeka kama mtu aliyeulizwa umri.
Nikakizima.

Nikampigia mjomba Badri, maana yeye halali msimu wa kugawa makundi.
Ana mizinga thelathini juu kule Tkibuli,
na ndiye aliyenifundisha kuushika moshi.
"Andika dola," akasema bila kuwaza.
"Kitu cha lari, mtu atakiamini?"
"Wewe utalipa dola?"
"Mimi? Mimi ni mjomba wako."

Nikacheka, kisha likanichoma.
Kwa hiyo hata sisi.
Hata sisi tunaopokea lari, tunaozeeka kwa lari,
tukitaka kusema kitu ni cha kweli tunaazima alama ya wenzetu.

Nikaandika lari.
Ishirini na tano, mkono ukiwa mzito.
Bogumił ataguna, atapiga hesabu, labda ataondoka.
Aende na malkia wake.

Dakika tano nilijiona shujaa.
Kisha nikakumbuka: kompyuta ninazokodi ng'ambo kuhifadhi mizinga yote hii
zinalipwa kila tarehe mosi,
kwa dola.

Nikainuka, nikatafuta penseli.
Pembeni ya mlango, chini ya safu ya baba,
chini ya ile nambari ya mwisho aliyoiacha bila nukta,
nikaanza kuandika kiwango cha leo. Ncha ikakatika.

Mama alikuwa ameamka kunywa maji.
Akautazama ukuta. Akanitazama.
Hakusema neno.
Akafungua droo ya vijiko,
akaniletea kichongeo.